Woga wa Jukwaani na Kuhudhurisha Moyo: Mafunzo Kutoka Arua na Koboko

Utangulizi

Katika kazi yetu ya kufundisha Kiswahili huku West Nile, tumezoea kupima maendeleo ya mwanafunzi kwa insha, kwa sarufi na kwa ufahamu. Hata hivyo, kila mwaka inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tunawatoa wanafunzi wetu darasani na kuwapandisha jukwaani. Huimba, hughani mashairi, hupiga adungu na ngoma. Hapo ndipo tunapokutana na jambo ambalo vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia havijalitengea sura: mwanafunzi anayejua kila kitu chumbani mwake, na asiyejua chochote mbele ya watu.

Mwaka mmoja tuliandaa kwaya ya wanafunzi kwa onyesho lililofanyika Koboko. Mwanafunzi aliyechaguliwa kuongoza wimbo alikuwa na sauti ambayo sote tuliitegemea. Katika mazoezi ya wiki tatu hakukosea hata mara moja. Siku yenyewe adungu zilianza, zikapiga utangulizi, zikafika mahali pake pa kuingia, hakuingia. Wapigaji wakarudia utangulizi. Akafungua kinywa, sauti ikatoka nyembamba, maneno ya ubeti wa kwanza akayachanganya na ya ubeti wa tatu, na nyuma ya ukumbi watu wachache wakacheka. Alimaliza wimbo akiwa ametazama sakafu. Ndani ya gari tuliporudi Arua hakusema neno njia nzima. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kuuliza kama angeweza kuacha Kiswahili na kuchukua somo lingine.

Sisi walimu wake tulikwisha kumwambia maneno ambayo kila mwalimu huyasema: "Usiogope." "Jikaze." "Mbona wimbo unaujua?" Leo tunakiri kwamba maneno hayo hayakumsaidia, na huenda yalimwongezea mzigo. Makala haya yanakusudia kueleza woga huo ni nini, hutendaje kazi mwilini, kwa nini huku kwetu una sura yake ya pekee, na namna mazoezi ya kuhudhurisha moyo yanavyoweza kumsaidia mwanamuziki, mghani wa mashairi, na kila anayesimama kusema Kiswahili mbele ya watu.

Tuanze na maneno

Sisi ni watu wa lugha, kwa hiyo si vibaya kuanza na maneno tuliyo nayo. Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Tuna hofu na woga, ambayo ni maneno ya jumla. Tuna haya na soni, ambayo hutaja kuogopa macho ya watu. Tuna wahka, yaani fadhaa ya moyo. Na tuna maneno mawili ambayo tunaomba msomaji ayatazame kwa makini zaidi.

La kwanza ni wasiwasi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Hiyo ndiyo hali halisi ya mwanamuziki anayesubiri zamu yake nyuma ya pazia. Hakuna aliyemfanyia ubaya wowote bado. Kuna mnong'ono tu ndani yake: "Utasahau. Yule mwamuzi amekukazia macho. Mara ya mwisho walicheka." Mnong'ono huo huzungumza juu ya mambo mawili tu, yaliyopita na yajayo. Juu ya uzi ulio chini ya kidole wakati huu, hauna la kusema.

La pili ni kiherehere. Tunasema mtu ana kiherehere cha moyo pale moyo unapomwenda mbio kwa hofu. Lakini tunasema pia mtu ana kiherehere anapokuwa na hamu kubwa ya kufanya jambo kabla ya wenzake. Neno moja limebeba hofu na hamu kwa pamoja, na tutaona baadaye kwamba wataalamu wa saikolojia wamefika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi.

Je, hali ya kuiweka akili mahali ulipo, katika jambo unalolifanya, bila kulihukumu, tuiite nini? Wengine wamependekeza umakini, wengine uzingativu. Hatuna ugomvi na maneno hayo. Hata hivyo, tunaona kwamba tayari tuna usemi unaofaa zaidi: kuhudhurisha moyo. Waislamu wetu wa Arua na Koboko huujua kutokana na mafundisho ya sala. Mtu anaweza kuinama na kusujudu, na moyo wake uko sokoni. Kuhudhurisha moyo ni kuuleta moyo pale mwili ulipo. Aidha, usemi huu una faida nyingine kwa mwanamuziki. Hadhira, hadharani, kuhudhuria, mahudhurio, na hata mhadhara na mhadhiri, yote ni maneno ya mzizi mmoja. Hadhira ni watu waliohudhuria. Mwimbaji anayetekwa na wasiwasi ndiye mtu pekee ukumbini ambaye hajahudhuria.

Nini hutokea mwilini

Mwili wa binadamu una utaratibu wa zamani sana wa kukabili hatari. Ubongo unapotambua tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza mapigo ili misuli mikubwa ipate damu ya kutosha kwa kupigana au kukimbia. Ili damu hiyo ipatikane, ngozi na vidole hupunguziwa sehemu yake. Ndiyo maana mikono huwa ya baridi. Mate hupungua na kinywa kukauka. Pumzi hupanda juu kifuani na kuwa fupi. Misuli hukaza, na ikikaza sana hutetemeka.

Utaratibu huu ni neema kwa mtu aliyekutana na chui. Kwa mwanamuziki ni shida, kwa kuwa hushika viungo vilevile anavyovitegemea. Mpiga adungu anahitaji vidole vyepesi vyenye joto. Vyake vimekuwa baridi. Mwimbaji anahitaji pumzi ndefu itokayo chini, koo lililolegea na ulimi wenye unyevu. Yeye ana pumzi fupi, koo lililokaza na ulimi mkavu. Mpiga ngoma labda ndiye mwenye nafuu, kwa sababu kazi yake hutumia misuli mikubwa. Lakini naye hushikwa kwa njia nyingine, huenda haraka kuliko mwendo waliokubaliana.

Kumbukumbu nayo huvurugika. Wimbo uliozoewa vizuri hauimbwi kwa kufikiri neno baada ya neno. Unakwenda wenyewe, kama miguu inavyopanda ngazi za nyumbani. Mtu mwenye hofu huanza kujichunguza: "Neno linalofuata ni lipi?" Anapouliza hivyo anaiondoa kazi mikononi mwa mazoea na kuikabidhi akili ambayo wakati huo imejaa mnong'ono. Hapo ubeti wa kwanza hukutana na wa tatu.

Tusidhani kwamba hali hii ni ya wanagenzi tu. Pablo Casals, mpiga selo wa Kikatalani aliyeheshimiwa dunia nzima katika karne ya 20, alisumbuliwa na woga wa jukwaani maisha yake yote. Barbra Streisand wa Marekani alisahau maneno ya wimbo mbele ya umati mkubwa mjini New York mwaka 1967, na kwa miaka mingi alikwepa maonyesho ya kawaida ya jukwaani, hadi aliporudi kwa ziara kubwa mwaka 1994. Katika miaka ya 1980 wanamuziki 2,212 wa okestra kubwa za Marekani walihojiwa juu ya afya zao. Asilimia 24 walisema woga wa jukwaani ni tatizo kwao. Hawa ni watu waliofanya muziki kuwa kazi ya kila siku. Basi mwanafunzi wetu hakuwa peke yake, na sisi hatukumwambia hivyo.

Sura ya woga huu huku kwetu

Muziki wa asili wa eneo hili haukumtenga mtu mmoja ili atazamwe. Adungu, ala yenye shingo iliyopinda, mwili wa mti uliochongwa na kufunikwa ngozi, na nyuzi katika safu moja, hujulikana zaidi kwa Waalur, lakini leo husikika kwa Walugbara wa Arua na Wakakwa wa Koboko, makanisani na shuleni. Kwa Kiswahili ala ya jamii hii huitwa kinubi, neno ambalo huku Arua huwachekesha wanafunzi wetu kwa kuwa Kinubi ni lugha ya majirani zao Wanubi. Mara nyingi adungu hupigwa kwa kundi, ndogo, za kati na kubwa, kila moja ikiwa na sehemu yake. Vivyo hivyo baragumu za mti za Waalur ziitwazo agwara: kila mpulizaji ana sauti yake chache tu, na wimbo hupatikana pale sauti hizo zinapopokezana. Katika muziki wa namna hiyo mtu hana nafasi ya kujifikiria. Akiacha kuwasikiliza wenzake kwa kitambo kidogo, zamu yake imempita.

Jukwaa la shule limeleta mambo matatu mapya. Limemtoa mtu mmoja mbele, limewaketisha watazamaji kimya badala ya kucheza na kuitikia, na limeweka meza ya waamuzi wenye kalamu. Hatusemi kwamba mashindano ni mabaya. Yamehifadhi nyimbo na ngoma nyingi. Tunasema kwamba mwanafunzi huombwa atende jambo ambalo mazingira yake ya kwanza ya muziki hayakumzoeza.

Kwa wanafunzi wetu wa Kiswahili kuna jambo la nne, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: hofu ya kuchekwa kwa sababu ya lugha. Kiswahili kilifika West Nile kwa njia zaidi ya moja. Wanaume wengi wa hapa waliingia katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni ambalo askari wake waliwasiliana kwa Kiswahili. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Baada ya vita ya mwaka 1979, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Sudan na Zaire, na waliorudi kutoka Zaire walikuja na Kiswahili cha huko. Hadi leo mfanyabiashara wa Arua anayekwenda soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, husikia batoto mahali ambapo kitabu chetu kinasema watoto. Hicho ni Kiswahili kinachotumika kununua, kuuza, kuposa na kuombea.

Kisha mwanafunzi huyo anaingia darasani. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hayo tuliyapigania na tunayafurahia. Lakini mwanafunzi wa Koboko anayesimama kuimba kwa Kiswahili sanifu anabeba hofu mbili kwa wakati mmoja, ya kukosea wimbo na ya kuteleza akatamka neno la mtaani mbele ya wanaojua zaidi. Baadaye tulipomuuliza mwanafunzi wetu ni kitu gani kilichomziba sauti pale Koboko, hakutaja muziki. Alisema aliwaona walimu wa Kiswahili wameketi mstari wa mbele, na akaanza kuyakagua maneno kabla hayajatoka. Walimu hao tulikuwa sisi.

Dawa zinazokimbiliwa

Woga huu una njia zake za mkato, na wapigaji wa bendi na wa sherehe huzijua. Ya kwanza ni kunywa kidogo kabla ya kupanda jukwaani. Pombe hupunguza aibu kwa muda, lakini hupunguza pia wepesi wa vidole na usahihi wa sikio, na mpigaji ndiye wa mwisho kugundua. Zaidi ya hayo, anayefanikiwa jukwaani akiwa amekunywa huamini kwamba bila chupa hawezi. Mwaka hadi mwaka kidogo huwa si kidogo tena.

Ya pili ni vidonge vinavyozuia athari za adrenalini kwenye moyo, kama propranololi. Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba dawa za aina hiyo huwapunguzia mtetemeko wapigaji wa ala za nyuzi. Katika uchunguzi wa Marekani tuliokwisha kuutaja, asilimia 27 ya wanamuziki walisema wanazitumia. Dawa hizi zina kazi yake hospitalini, lakini zinaweza kumletea hatari mtu mwenye pumu au mwenye matatizo fulani ya moyo. Si vitu vya kununua dukani kwa ushauri wa rafiki.

Kuhudhurisha moyo: asili na ushahidi

Mazoezi ya kuutuliza na kuuhudhurisha moyo ni ya kale katika dini nyingi, na kwa upana zaidi yamefundishwa na Wabudha wa Asia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyachukua na kuyapanga kuwa kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo, bila kuyafungamanisha na dini yoyote. Kutoka hapo yameenea hospitalini, shuleni, na katika vyuo vya muziki.

Je, humsaidia mwanamuziki? Mwaka 2003 na 2008 yalichapishwa matokeo ya tafiti mbili ndogo za Marekani, ambamo wanamuziki walijifunza kutafakari kwa wiki nane kabla ya onyesho. Makundi yalikuwa madogo, watu 19 katika kila utafiti, kwa hiyo tusiyakuze matokeo kupita kiasi. Lakini utafiti wa 2008 ulionyesha jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Kwa wale ambao hawakujifunza kutafakari, aliyekuwa na woga zaidi alipiga vibaya zaidi, kama tungetarajia. Kwa waliojifunza, mambo yaligeuka: walioeleza kuwa na woga zaidi ndio waliopiga vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, zoezi halikuzifanya nguvu zile za mwili zitoweke. Ziliacha kumpinga mpigaji, zikaanza kumtumikia.

Hapa tunarudi kwenye kiherehere. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks, mtafiti wa Marekani, alichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuimba mbele ya mtu asiyewafahamu. Waliotangulia kujiambia kwamba wana hamu na msisimko waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliojiambia kwamba wana wasiwasi. Moyo uendao mbio ni uleule. Jina ndilo lililobadilika. Ndiyo maana "Usiogope" ni ushauri dhaifu. Humwagiza mtu kuzima kitu kisichozimika, na anaposhindwa kukizima huogopa kwa mara ya pili, sasa akiiogopa hofu yenyewe.

Mazoezi tunayoyatumia

Yafuatayo ni mazoezi ambayo tumeyafanya na wanafunzi wetu wa Kiswahili wanaoimba, wanaoghani na wanaopiga ala. Hayahitaji chombo chochote wala gharama, lakini yanahitaji kurudiwa kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya onyesho. Anayeyaanza siku ya onyesho ni sawa na anayeanza kujifunza kuogelea mashua ikishazama.

1. Nyayo na pumzi. Mwanafunzi asimame, ahisi nyayo zake zote mbili zikigusa ardhi. Avute pumzi polepole kupitia puani hadi tumbo lijae, kisha aitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoivuta, kwa mfano akihesabu hadi nne anapovuta na hadi sita anapotoa. Kutoa pumzi kwa muda mrefu huyapunguza mapigo ya moyo. Dakika tano zinatosha. Akili ikitoroka, na itatoroka, airudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Kule kuirudisha ndilo zoezi lenyewe. Asidhani kwamba ameshindwa.

2. Uzi mmoja. Mpiga adungu apige uzi mmoja, kisha asikilize tu hadi sauti ikatike kabisa. Apige tena. Baada ya siku chache atashangaa jinsi sauti moja ilivyo ndefu. Waimbaji hufanya zoezi hili kwa kumsikiliza mpigaji, wote wakiinua mkono pale kila mmoja anapoona sauti imekwisha. Faida yake ni kuyapa masikio kazi ambayo mnong'ono wa ndani hauwezi kuifanya.

3. Kuitaja hali. Kabla ya kuimba, kila mmoja aseme kwa sauti anachokihisi mwilini, katika lugha aipendayo: "Mikono yangu ni ya baridi." "Moyo unadunda." "Kinywa kimekauka." Asiseme "Mimi ni mwoga." Anaielezea hali iliyomjia, hajipi sifa ya kudumu. Kundi zima likisikia kwamba kila mtu ana mikono ya baridi, mzigo wa kila mmoja hupungua nusu.

4. Kosa la makusudi. Wakati wa mazoezi tunamwomba mwimbaji aruke mstari kwa makusudi, na wenzake waendelee hadi atakaporejea. Kisha mpigaji aruke kipande. Kwaya hujifunza kwamba wimbo una milango mingi ya kuingilia. Pale Koboko mwanafunzi wetu hakuwa amejifunza kosa hata moja. Katika wiki tatu hakukosea, na sisi tulilihesabu hilo kuwa jambo jema.

5. Ngazi za hadhira. Aimbe kwanza mbele ya rafiki mmoja, kisha watano, kisha darasa, kisha kanisani au kwenye mkutano wa wazazi, ndipo aje mbele ya waamuzi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi aanzie kwao.

6. Dakika ya mwisho. Anapoitwa, asikimbilie kipaza sauti. Atembee akihisi nyayo, asimame, atoe pumzi moja ndefu, amtazame mpigaji, na asikilize utangulizi mpaka mwisho. Wimbo umeanza kabla yake. Kazi yake ni kujiunga nao.

Tahadhari moja ni ya lazima. Arua na Koboko zina wanafunzi waliokimbia vita, kutoka Kongo na Sudan Kusini, na wengine wamekulia katika makazi ya wakimbizi kama Lobule na Rhino Camp. Kwa mtu aliyeona mambo mazito, kukaa kimya na kufumba macho kunaweza kumrudishia asichotaka kukiona. Kwa hiyo hatumlazimishi yeyote kufumba macho. Anaweza kutazama mahali pamoja sakafuni au kuushika mti wa adungu. Akitaka kuacha, anaacha bila kuulizwa mbele ya wenzake. Na anayekosa usingizi kwa siku nyingi, au anayeshikwa na hofu hata mbali na jukwaa, anahitaji mtaalamu wa afya. Mwalimu wa Kiswahili hatoshi.

Wajibu wa mwalimu

Yangekuwa makosa kumtwika mwanafunzi mazoezi yote na kuyaacha mazingira yanayomtisha kama yalivyo. Sisi wenyewe tumebadilisha mambo matatu. Kwanza, hatusahihishi lugha siku ya onyesho wala siku mbili kabla yake. Marekebisho ya matamshi na upatanisho wa kisarufi hufanywa mapema, wakati wimbo bado ni karatasi. Pili, tunafundisha waziwazi kwamba Kiswahili cha Ariwara, cha Bunia na cha kambi za jeshi ni Kiswahili chenye historia. Kiswahili sanifu ni vazi la jukwaa hili. Si kipimo cha thamani ya nyumbani kwa mtu. Mwanafunzi anayejua hivyo, batoto ikimponyoka, hufika mwisho wa wimbo. Tatu, tumekubaliana na wanafunzi kwamba katika ukumbi wetu kosa haliitikiwi kwa kicheko. Huitikiwa kwa kiitikio: kwaya huimba kiitikio mara moja zaidi hadi kiongozi arejee. Sheria hii haikutoka katika kitabu cha saikolojia. Tuliiona kwa wazee wa ngoma, ambao mwimbishaji akisita huinua sauti zao na kumpa nafasi.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba woga wa jukwaani ni kazi ya kawaida ya mwili uliojiandaa, kwamba huwapata hata mabingwa, na kwamba huku Arua na Koboko huongezewa uzito na hofu ya kuchekwa kwa sababu ya lugha. Tumeonyesha pia kwamba mazoezi ya kuhudhurisha moyo hayakusudii kuiondoa hofu hiyo, bali kumzuia mwanamuziki asiondoke pamoja nayo.

Msomaji angependa kujua habari za mwanafunzi wetu. Hakuacha Kiswahili. Mwaka ule hakuongoza wimbo wowote. Aliimba katika safu ya nyuma na kufanya mazoezi ya pumzi pamoja na wengine. Mwaka uliofuata aliomba ubeti mmoja, akaupata. Mikono ilimtetemeka, tuliiona. Katika mstari wa pili alisita, kwaya ikapiga kiitikio, akarejea, akamaliza huku akimtazama mpiga adungu. Aliposhuka alituambia kwamba moyo ulidunda vilevile kama mara ya kwanza, ila safari hii aliusikia wimbo.

Tunawaomba walimu wenzetu wanaofanya kazi ya namna hii, hasa wale wa shule za mpakani, watuandikie waliyoyaona na waliyoyajaribu, yaliyofaulu na yasiyofaulu. Tutayachapisha katika matoleo yajayo ya jarida hili.